Grafu Iliyopinda

Wanafunzi wangu wa fizikia hapa shule ya Umoja ni hodari wa kupika vipimo. Wakijua grafu inatakiwa kuwa mstari ulionyooka, wanauchora mstari kwanza, halafu wanatafuta namba za kuulalia. Tabia hiyo hunichemsha damu mpaka leo.

Mwaka mmoja nilikuwa na msichana wa kidato cha pili, binti wa fundi wa nguo. Aliipenda fizikia kwelikweli, ila alama zake zilikuwa chini. Naibu wa mwalimu mkuu alitaka aliache somo hilo kabla ya kidato cha tatu, asije akatushushia wastani wa shule. Nilibishana naye mpaka akachoka na mdomo wangu. Akasema atakuja maabara ajionee mwenyewe, ndipo aamue.

Alipokuja, wanafunzi walikuwa wakining'iniza vyuma kwenye springi na kupima inavyorefuka. Springi zetu zimeteswa na kila darasa, maskini. Nikakusanya karatasi. Mistari yote imenyooka kama rula, isipokuwa wa yule binti, uliopinda mwishoni. Naibu akanitazama kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

"Tichaa, huyo amechoma," mwanafunzi mmoja akasema, yaani ameharibu, na darasa likacheka.

Sikumtetea. Nilimwuliza tu kwa nini mstari wake umepinda.

"Nilidhani nimekosea, nikapima tena," akasema. "Ukapinda vilevile. Chuma cha mwisho kinaivuta springi kupita uwezo wake. Nikikitoa, hairudi urefu wake wa kwanza."

Nikamwomba naibu avitoe vyuma kwa mkono wake. Akavitoa, na springi ikabaki imelegea. Tukajaribu meza ya jirani, mambo yakawa yale yale. Wenye mistari iliyonyooka walikuwa wanaangalia viatu vyao. Njia ya mwongo ni fupi. Mimi nilivimba kwa fahari, sifichi, ungedhani nimemzaa mwenyewe.

Lakini naibu si mtu wa kushindwa upesi. "Somo hili linakushinda kila mtihani," akamwambia. "Kwa nini usichukue lililo rahisi?"

Binti akamjibu.

"Kwingine nikikosa, mwalimu, naambiwa tu nimekosa. Hapa naweza kutafuta mwenyewe nimekosea wapi."

Naibu aliirudisha springi mezani, akanigeukia. "Basi baki naye," akasema.