Mbio za mwisho za mkwe wangu

Leo nimemkodolea macho mkwe wangu.

Ni Mswidi, mume wa binti yangu Zaina. Kazi yake mashindano, anavaa mbao ndefu miguuni anateleza kwenye theluji. Leo zilikuwa mbio zake za mwisho, Zaina akanionyesha kwa simu ya video, yuko palepale wanapomalizia.

Jamani zile nguo zinavyobana. Mama mkwe naangaliaje?

Nikajifunika uso kwa kanga, jirani yangu hapa Kwamndolwa akawa ananisimulia.

"Kafika. Kaanguka chali, hainuki."

Kanga niliitupa huko. "Amka baba!"

Zaina anacheka. "Mama, wakimaliza wote hulala hivyo."

Mkwe akainuka, akatazama simu. "Shikamoo mama."

Nikaitika marahaba nalia.

Kawa wa kumi na saba, na mzima.

Mama wakwe wenzangu, nyie mngevumilia bila kuangalia?