Jina la Phinées kwenye Kituo cha Saba

Florentine Syauswa hafagii Njia ya Msalaba yote. Kwenye kilima hicho cha pembeni mwa mji wa Butembo kila familia ina kituo chake, na cha kwao ni cha saba, pale Yesu anapoanguka mara ya pili. Baba yake alikijenga kwa mawe aliyochonga mwenyewe, wakati waumini walipokuwa wakipandisha matofali mgongoni ili kujenga kanisa la juu.

Baba huyo, Kakule Phinées, alikuwa Mprotestanti. Mke wake Mkatoliki ndiye aliyemwomba, na parokia haikuwa na fundi mwingine wa mawe. Alimaliza kazi, akarudi kwenye kanisa lake. Mabinti wake waligawana makanisa: Jokébed, mkubwa, alibaki na baba, Florentine alimfuata mama.

Mwaka huu kamati ya parokia iliamua kuweka kibao chenye jina la mjenzi kwenye kila kituo. Onésime, mwenyekiti wake, alikwenda nyumbani kwa Florentine na pendekezo.

«Mama Florentine, tuandike Kakule tu.»

«Kakule gani? Kwetu kila mutoto mwanaume wa nne ni Kakule. Ita Kakule ku soko, uone wangapi batageuka.»

«Lakini Phinées, mama! Mutu akisoma ile jina ya Agano la Kale, anajua palepale ni Muprotestanti. Batu batauliza.»

«Baulize. Ni jina yake. Miye niko muzee, baba Onésime. Nikikufa, nani atajua ni yeye?»

Onésime alirudi kwa kamati. Wiki iliyofuata kibao kilibandikwa: KAKULE PH.

Jokébed aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mbavu. «Ph.! Bakatoliki batasoma Philippe. Bamemubatiza baba mara ya pili, na hata maji hapana.»

Florentine hakucheka. Aliendelea kufagia kituo, lakini kibao hakukipangusa.

Ijumaa Kuu mahujaji walikuwa wengi. Barabara ilikuwa tulivu, bila mashambulizi, na hata watu wa mbali, wa Beni na Mavivi, walikuja. Walipanda wakiimba litania ya watakatifu: Onésime anataja jina, umati unajibu «utuombee». Kwenye kila kituo alinyamaza kidogo, akasoma kibao, kisha akaendelea na watakatifu wake.

Kwenye cha saba alisoma, «Kakule Philippe.»

Florentine alikuwa amesimama kando ya mawe. Alisema kwa sauti ya kanisani, ile inayofika nyuma:

«Phinées!»

Watu walikuwa wameshika mwendo wa litania. Kilima kizima kikajibu:

«Utuombee!»

Onésime aliangalia karatasi yake, akaangalia umati. Mabega yalianza kumtikisika kwa kicheko. Ilimbidi akohoe mara kadhaa kabla ya kupata sauti, na alipoipata alisoma upya, polepole: «Kakule Phinées. Fundi wa mawe.» Safari hii hakuna aliyejibu. Florentine alitoa kitambaa kiunoni, akapangusa kibao.

Kamati imeagiza kingine, chenye jina zima. Jioni ile ya Ijumaa Kuu Florentine alipita kwa dada yake kumsimulia yaliyotokea.

«Utuombee?» Jokébed aliuliza. «Baba? Bakatoliki bote?»

«Bote.»

«Yesu! Huko mbinguni aliko, mupastere wake atamuita ku ofisi ajieleze.»