Mzee Tuliyemjibia

Kwanza nilisikia sauti ya marehemu. Nilikuwa bado nyuma ya ua wa fito, vumbi la barabara ya Korogwe likiwa miguuni, nikamsikia akiyavuta maneno yake kama kawaida: "Nipe... nipe ile... ile ya kukalia!" Watu wakacheka. Nikashukuru kwamba mzee ni mzima, na kwamba ule ujumbe nilioupata sokoni, kuwa nije haraka, ulikuwa wa jambo jingine. Kumbe nilipoingia uani nilikuta wanawake wamejifunga kanga viunoni, masufuria ya matanga yako motoni, na katikati yao Mnyamwezi mmoja, rafiki wa marehemu, amevaa kanzu ya marehemu ndani nje, ameulegeza mkono wa kulia, anamwigiza. Ndipo nilipojua kwamba mzee amefariki, maana kwa Wazigua ni mtani pekee anayeruhusiwa kumcheka aliyekufa.

Mzee huyu alikata mkonge katika shamba la Ngombezi ujana wake wote, kisha akarudi Handeni na kuhamia kijiji cha ujamaa nilikopelekwa kufundisha kisomo cha watu wazima. Kiharusi kilimpata shambani, asubuhi ya palizi. Mkono na mguu vililegea, lakini hasara kubwa ilikuwa kichwani. Alipotea njia ya kisimani. Alimwita mkewe kwa jina la mama yake. Chumvi aliijua, akikuonyesha kwa ncha ya ulimi, ila jina lake halikumjia, na machozi yakamtoka kwa sababu ya chumvi. Muuguzi aliyemruhusu kutoka hospitali alituasa tumpe nafasi ya kuyatafuta maneno, tusimjibie. Tuliitikia vizuri sana. Tulipofika nyumbani tukaanza kumjibia.

Ni yule Mnyamwezi tu aliyekataa. Walikata mkonge pamoja, na mtani, kama mjuavyo, anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe na usiwe na pa kumshitaki. Basi alikuja akamkamata jogoo miguu. "Mzigua, huyu nani? Mtaje! Usipomtaja ni kitoweo changu." Mzee akatoa macho, midomo ikacheza, na jogoo akaenda. Kesho yake likaenda jembe, kisha mkeka. Kaka mkubwa wa mzee alikuja juu: "Mgonjwa hachezewi, bwana! Huna haya?" Mnyamwezi akamjibu, "Bwana, mimi namwibia vitu. Nyinyi mnamwibia mdomo." Siku aliporudi kumchukua kuku jike, mzee aligonga fimbo chini. "Kuku! Kuku wangu! Mwizi... mla panya wewe!" Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile jembe na mkeka vilirudi. Jogoo alikwisha kuliwa. Toka hapo maneno yakaanza kurudi, ya miti kwanza, kisha ya wanyama, mwisho kabisa ya watu, nayo yalirudi kwa mwendo wa mtu anayepanda mlima wa Dindira na mzigo kichwani.

Nimefikiri sana juu ya mwendo huo. Darasani kwangu tulikuwa tukimsubiri bibi wa makamo ya mzee aiumbe herufi moja, chaki ikivunjika, watu wote kimya, na alipomaliza tulimpigia makofi. Tuliita kusubiri huko ujenzi wa taifa. Shamba la kijiji nalo tulililima kwa mstari, mwenye nguvu akipunguza kasi ili asiyejiweza asiachwe nyuma. Nilidhani tumekwisha kuwa watu wa namna hiyo. Lakini kumsubiri mtu anayejifunza ni rahisi, maana unaona anakokwenda. Aliyekuwa na maneno yakamponyoka anatutia hofu, na hofu hiyo tunaivika nguo ya huruma.

Binti yake alipochumbiwa, mzee alitaka jambo moja tu: amwoze mwenyewe, kwa kinywa chake, kama baba. Mnyamwezi alimfundisha kwa wiki nyingi. "Sema jina la mwanao, Mzigua, au namwoa mimi!" Mzee alicheka, akasema, akakosea, akasema tena, mpaka akaweza.

Siku ya ndoa chumba kilijaa. Sheikh aliuweka mkono wa bwana harusi ndani ya mkono wa mzee na kumwambia aseme. Mzee akaanza. "Nimekuoza... binti yangu..." Akasimama. Sheikh alikuwa radhi kungoja. Sisi hatukuwa radhi. Mtu akakohoa, mwingine akaangalia miguu yake, na kaka yake akasema upesi, "Mdogo wangu amenipa uwakili." Sheikh akatugeukia, akauliza kama ndivyo. "Ndivyo," tukasema wote, nami nikasema, na kwa aibu yangu nilihisi nafuu. Kaka akalitaja jina, ndoa ikafungwa, tukaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nimejifunza kwamba kumpa mtu muda ni kumpa heshima, na kwamba huruma isiyoweza kuvumilia kimya ni ubinafsi wetu tu. Nimejifunza nikiwa nimechelewa. Mzee aliuachia mkono wa mkwewe, akainuka kwa fimbo, akatutazama mmoja mmoja, akamalizia kwa kaka yake. Safari hii hakukwama hata kidogo.

"Kaka," alisema, "nilikuwa nakuja."

Akatoka, na kwa mkono wake mzima akaufunga mlango nyuma yake.