Si Jini, Ni Mnanaha

Msinionee huruma. Nimekuja kuwasimulia na hasira zangu, na huenda nikaondoka nazo.

Mimi ni Mwanaidi, mkulima wa Kibuta. Kabla ya haya, mboga za porini zilikuwa kazi yangu: mchunga, mlenda, mnavu, mchicha pori. Jirani akilitilia shaka jani, ananiletea mimi. Nikawa na kiburi, nakiri.

Mvua zilipoanza, nilipita kwenye zizi la zamani ambalo wafugaji walilihama. Pale ni mbolea tupu. Nikakuta mnavu umejaa, laini, haujaguswa. Siku zote nachuma jani moja moja huku naangalia. Siku ile nilikuwa na haraka ya kurudi shambani, nikashika mashada nikakata kwa kisu. Wala sikujiuliza kwa nini ng'ombe wanaopita pale kila siku wameacha majani mabichi namna ile.

Mchana nikaipika mboga ile, tukala na ugali, mimi na binti yangu Zuwena, wa miaka minne. Mume wangu alikuwa Kibaha kwenye kazi ya ujenzi. Mama mkwe hakula, mboga chungu haipendi.

Haikupita saa nzima. Mdomo ulinikauka hadi ulimi ukaganda. Ngozi ikawa ya moto, kavu, bila tone la jasho. Moyo ukaenda mbio, mkojo ukanibana na hautoki. Yaliyofuata nimesimuliwa tu: nilifukuza kuku ambao hawapo, nikaongea na marehemu baba yangu.

"Huyu kapandisha," mama mkwe akasema. Zuwena naye alipoanza kuokota vitu hewani, akasema jini limehamia kwa mtoto. Akaitwa mganga. Walinifunga mikono kwa kamba ya katani, wakatufukiza. Mtoto wa miaka minne, mwili unawaka, amefunikwa shuka juu ya moshi. Analia anataka maji, wanasema anayetaka maji si yeye, ni jini. Hilo sijalisamehe, na msiniombe nilisamehe.

Jioni akaja Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma, mfugaji, ametuletea maziwa. Mama mkwe huwaita yeye na wenzake "watu wa kuja". Akaviona vijiti vya mboga nilivyotupa karibu na jiko. Akavunja kimoja, akanusa.

"Mmekula hiki?"

"Ni mnavu huo," mama mkwe akajibu.

"Mnavu upo, mama, lakini umechanganyika na mnanaha. Bado mchanga, haujatoa maua. Ng'ombe wetu hawaugusi, una sumu."

"Tuachie wagonjwa wetu. Mambo ya huku wewe huyajui."

Mama Kulwa alimnyanyua mtoto. Alimfunga Zuwena mgongoni, akaviringisha vile vijiti kwenye kanga, akapanda bodaboda kwenda hospitali Kisarawe. Akiwa njiani akampigia simu mume wangu. Mume wangu akampigia mama yake, akamwambia nifunguliwe sasa hivi nipelekwe na mimi.

Daktari alimulika macho ya mwanangu. Mboni zimetanuka, hazisinyai. Akavitazama vijiti.

"Ni huu mmea," akasema. "Mngesubiri mpaka kesho, nisingewaahidi kitu."

Tuliwekewa dripu, mimi nikawekewa na mpira wa mkojo. Siku ya tatu ndipo nilipouona vizuri uso wa Zuwena, amelala ananyonya kidole. Nililia. Furaha ilikuwepo, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Nawashukuru daktari na manesi wale. Nanyi mnaochuma porini, chumeni jani moja moja, na msilolijua liacheni. Mtu akibadilika baada ya kula, chukueni mabaki ya mboga na vijiti vyake, mkimbie naye hospitali. Kamba ni za kufungia mbuzi.

Wiki iliyopita mama mkwe kanijia. Majirani wote kawaambia kwamba jini lilitoka kwa ule moshi.

"Mwanangu, mganga anataka kuku wake mweusi. Lazima ashukuriwe."

"Kuku yupo, mama," nikamjibu.

Mume wangu akamchinja kuku. Nikampika kwa nazi, nikamimina kwenye bakuli, nikamshika Zuwena mkono. Tukapita mbele ya nyumba ya mganga, amekaa barazani anatuangalia, tukampelekea Mama Kulwa.