Bastola Iliyogoma Kufunguka

Nimefanya kazi kwenye karakana ya silaha Arusha muda mrefu, na wateja wengi nimewasahau. Mzee wa Katesh sijamsahau. Alikuwa mfanyabiashara wa mazao, mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe, na kila mwaka ngano ikishavunwa alikuwa akituletea bastola zake za zamani tuzisafishe. Alizikusanya maisha yake yote, kwa kibali. Nyingine zilikuwa za walowezi wa Kiingereza waliohama, moja ilitoka Ubelgiji, na moja, aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa ya jeshi la Wajerumani tangu enzi walipokuwa na boma Mbulu. Zote zilikuwa za silinda inayozunguka, yenye matundu ya risasi.

Aliposikia mimi ni mtoto wa Hirbadaw, kijiji cha huko huko kwao, hakutaka fundi mwingine aziguse. Alikuwa anakaa kwenye stuli karibu yangu, na chai hakuigusa mpaka bastola ya mwisho irudi kwenye kasha.

"Hizi ni za kutazama tu," aliniambia siku moja. "Chuma ukikilaza na risasi, kinaanza kumfikiria mtu."

Bastola moja tu, fupi, ya Kiingereza, ndiyo aliyokuwa na leseni ya kuitumia kulinda duka lake, lililokuwa pale nyumbani. Hata hiyo hakuwahi kuilaza na risasi. Risasi zake zilikaa mbali nayo, kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo ulikaa shingoni mwake. Naeleza hili kwa sababu lilikuja kuwa na maana.

Kisha tope likashuka kutoka mlima Hanang. Wanaosoma hapa wanakumbuka, na wa kwetu hawahitaji kukumbushwa. Mimi nilikuwa Arusha. Mama alinipigia simu kutoka Hirbadaw akasema wao ni wazima, akakata, kwa sababu kulikuwa na wengine wa kuwatafuta. Habari za mzee zilinifikia baadaye, alipokwisha kuzikwa.

Ulipita zaidi ya mwaka kabla ya dalali mmoja wa mjini kunipigia. Familia ilikuwa imeruhusiwa na mahakama kuuza bastola za marehemu. Leseni hairithiwi, kwa hiyo ama zinunuliwe na wenye vibali vyao, ama ziharibiwe. Kabla ya mnada lazima zikadiriwe thamani, na dalali alijua nimezishika nyingi kati ya hizo. Nikapanda basi kwenda Katesh.

Zilikuwa zimehifadhiwa kituo cha polisi. Askari mtunza silaha, kijana mpole, alizipanga juu ya meza iliyotandikwa gunia. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwapo, na mama yake, mjane, alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, amejifunika shali ya baridi, uso ameuelekeza nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa unamsafishia?"

"Ndiyo, mama."

"Mama, si ungebaki nyumbani," alisema mwanawe.

"Nataka kusikia zina thamani gani," alijibu taratibu. "Hizi zilizomfanya baba yako arudi ndani."

Nikavaa glavu nikaanza.

Kukadiria bastola ya zamani si kazi ya kuangalia inavyong'aa. Unatafuta kwanza namba: ya kwenye mwili na ya kwenye silinda zifanane, vinginevyo mtu amechanganya vipuri. Unaangalia kama ile rangi ya bluu nyeusi ya kiwandani bado ipo. Unamulika mtutu uone kama mifereji ya ndani haijaliwa. Unavuta nyundo polepole na kusikiliza silinda ikijifunga mahali pake. Nilizijua sauti za hizi. Sasa nilizivuta zikatoa sauti nyingine, ya kusaga, kwa sababu ndani kulikuwa na tope lililokauka, jekundu, laini kama unga. Nilipoigonga ya Kijerumani juu ya gunia, lilimwagika kidogo mezani, na mjane akageuka kulitazama.

Kasha la chuma lilikuwa limezikinga kiasi. Askari, kwa nia njema, aliipiga moja msasa mpaka ikang'aa kama kijiko. Nilimweleza kwa upole kwamba wakusanyaji wanapenda kutu ya kweli kuliko mng'aro wa juzi. Alisikitika sana, nami nikajuta kusema.

Ile fupi ya dukani niliiacha mwisho. Haikupatikana kwenye kasha. Ilichimbuliwa mbali nalo, upande wa nyuma wa nyumba, karibu na alipopatikana mzee mwenyewe. Ilikuwa donge la kutu. Inatakiwa ikunjike katikati, kwenye bawaba, ili silinda ionekane, lakini iligoma. Askari alisema hata wao walishindwa, wakaiandika kuwa si salama. Tulikubaliana niilaze kwenye mafuta hadi kesho yake.

Jioni ile mjane alitaka nimsindikize mpaka kwa mwanawe, alikokuwa anaishi tangu nyumba yake ipotee. Njiani ndipo aliponisimulia. Ilikuwa alfajiri, mzee ameamka kwa ajili ya swala, mvua haijakatika. Alisikia mlima ukiunguruma, akamwamsha mkewe, akampa mjukuu mikononi, akamwambia apande kwenye mwinuko wa upande wa barabara.

"Akasema, tangulia, nakuja. Nikageuka nikamwona anaingia ndani tena. Nilimwita. Baadaye sikusikia kitu, mngurumo ulijaa kila mahali. Watu wananipa pole. Mimi moyoni nasema, alivipenda vyuma vyake kuliko mimi. Nimelala na neno hilo mpaka leo. Usimwambie mwanangu."

Mlima ulikuwa mbele yetu, na ile michirizi ulikopita udongo ilikuwa bado myeupe, haijaota majani.

Asubuhi niliitoa bastola kwenye mafuta. Askari alisimama kando yangu, mjane na mwanawe wamekaa kwenye benchi, mtutu tumeuelekeza kwenye ndoo ya mchanga. Niliigonga kwa nyundo ya mbao mara kadhaa, polepole, mpaka ikalegea na kufunguka. Nilitegemea kuona matundu matupu yaliyojaa tope. Niliona shaba.

Silinda ilikuwa imejaa. Nikazitoa zile shaba kwa koleo, nikaziweka juu ya gunia. Zilikuwa maganda, risasi zake zimekwisha kutoka. Moja tu ilikuwa bado nzima, na hiyo pia nyuma ilikuwa na alama ya kugongwa. Alikuwa amevuta traiga na risasi ikagoma.

Hapo nilihisi kama mzee amekaa kwenye stuli karibu yangu. Nadhani nilisikia harufu ya baruti. Askari alisema ni mafuta tu, na huenda alikuwa sahihi.

"Alikuwa anampiga nani?" mtoto wa marehemu aliuliza.

Niliwaeleza ninachokijua. Kwamba hakuwahi kuilaza bastola ile na risasi. Kwamba lazima alifungua droo, akaijaza gizani, akatoka nayo kwa mlango wa nyuma, unaotazama bondeni, na akaipiga mpaka ikagoma. Kwamba kasha lilikutwa limefungwa, mahali pake. Hakulifuata kasha.

Mjane aliinuka kwenye benchi akaja mezani. Alichukua ganda moja akalipangusa kwa ncha ya shali.

"Bondeni kuna yule mama mwenye watoto wadogo," alisema. "Twende."

Tulienda wote watatu. Yule jirani alikuwa amehamia nyumba ya ndugu zake karibu na soko, anauza maharage. Mjane hakumzunguka kwa maneno. Alimuuliza kilichomwamsha alfajiri ile.

Mama yule aliacha kupima maharage. "Niliamshwa na milio. Paa, halafu paa. Nikajua ni majambazi wamevamia dukani kwenu. Nikawabeba wanangu tukakimbilia kule barabarani, mbali na milio. Tulipofika juu ndipo tukasikia nyumba zinavunjika."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Dada, ulikuwa unazika. Ningeanzaje kukuuliza habari za milio? Baadaye nikafikiri labda ilikuwa miti inakatika."

Mjane alikaa kwenye gunia la maharage la mwenzake, akainamisha kichwa, akalia bila sauti. Mwanawe alisimama ameshika nguzo ya kibanda. Mimi nilitazama magari ya Singida yakipita.

Nilipomaliza makadirio, mjane aliniuliza bei ya ile fupi. Nilimwambia ukweli wa kazi yangu: namba zimeliwa, mtutu umekwisha, mnadani haina bei. Dalali, nilipomweleza kwa simu, alikuwa na wazo lingine. Alisema bastola yenye kisa kama hicho watu wangeigombania, niandike tu kisa chake. Mtoto wa marehemu alimtazama mama yake, kwa sababu walikuwa bado hawajajenga.

"Isinadiwe," alisema mama. Ikawa hivyo.

Iliharibiwa uani pale kituoni kwa kufuata sheria, kwa mashine ya kukatia vyuma. Mjane alisimama akaangalia mpaka cheche zikaisha. Askari alikuwa amefungua kabla vile vipande viwili vya mti vya kwenye kishikio, vilivyolainishwa na kiganja cha mzee, akampa. Hakuna sheria ya mti, alisema.

Nyingine zilinadiwa Arusha na zikapata wenyewe. Mnunuzi wa ile ya Kijerumani, mtu mstaarabu, aliiinua karibu na sikio lake akavuta traiga ikiwa tupu, kusikiliza ilivyo. Ililia kavu, tak. Nikatoka ukumbini, nikasimama nje mpaka mnada ulipokwisha.

Mjane na yule jirani sasa wanauza maharage pamoja. Nikienda kumsalimia mama yangu kule Hirbadaw, nashuka kidogo Katesh kuwaona, na wananifungia kilo mbili nisizoziomba. Hatuzungumzi habari zile. Lakini basi likishaondoka najikuta nafikiria ile risasi ya mwisho. Zile nyingine nazielewa, milio yake ilimfikia mtu. Hiyo moja ilimfikia yeye peke yake. Alivuta, akasikia mlio mkavu mkononi mwake, na mlima ulikuwa tayari uani. Mama yule na wanawe walikuwa wanapanda mwinuko wakati huo, na yeye hakuwa na njia ya kujua kama kuna yeyote aliyesikia.