Laini ya Mama

Mama yangu alikuwa na miaka sitini na kitu siku mashine ilipomkataa. Tulikuwa Kibiti, kwa dada mmoja aliyekuwa akisajili laini za simu chini ya mwavuli. Mama aliweka kidole gumba, mashine ikalia, ikaandika nyekundu. Akaweka cha pili, cha tatu, vyote kumi. Yule dada alimpaka mafuta, akamfuta kwa kitambaa, akajaribu tena. Wapi. Jembe na maganda ya korosho yalikwisha kuila mistari yote ya vidole vyake.

"Huyu bibi hana alama," akaniambia mimi, kana kwamba mama hayupo.

"Basi andika za huyu," mama akasema, akinisukuma mbele. "Mie na yeye mtu mmoja."

Ndivyo laini ya mama ilivyosajiliwa kwa jina langu na kidole changu. Na kwa kuwa hakujua kusoma, namba ya siri nilimwekea mimi: mwaka aliozaliwa marehemu dada yangu, ili asiisahau.

Laini ilihitajika kwa sababu ya pesa. Shirika fulani lilikuwa limeingia kijijini kwetu, Rufiji ndani, likaandikisha kaya zisizo na kitu na kusema litazipa fedha taslimu, kwa awamu tatu, kupitia simu. Si mkopo. Si mbegu wala mbuzi. Kila mtu anunue anachokitaka. Watu hawakuamini. Wengine walisema ni pesa za freemason, ukizipokea unatoa mtoto. Mama alinipigia kwa simu ya jirani kuniuliza mimi, mtu wake wa mjini: "Mwanangu, kuna mtu anatoaga hela bure?" Nikamwambia mimi sijawahi kumwona, ila akitokea wa kumpa, apokee.

Alikuwa mjane, analea watoto wawili wa kike wa dada yangu kwenye nyumba ya udongo na makuti ambayo kila masika ilidai nguzo mpya. Mimi nilikuwa Temeke, nashona nguo barazani kwenye nyumba ya kupanga, na mume wangu akichomelea mageti na madirisha. Kila mwisho wa mwezi nilimtumia mama kidogo. Miezi mingine sikutuma, naye hakuuliza.

Awamu ya kwanza ilipoingia, alinunua magodoro mawili, sare za watoto na gunia la mahindi. Mwezi ule nilipotaka kutuma, akanikataza.

"Hiyo wape wanao. Mie ninacho."

Mie ninacho. Sikuwa nimewahi kuyasikia maneno hayo kinywani mwake.

Kisha akaja kututembelea. Zamani alikuja na mihogo michache kwenye kikapu, akalala usiku mmoja, na asubuhi akaniomba nauli ya kurudia huku akiangalia chini. Safari hii alishuka na ndoo nzima ya mchele wa kwetu na kuku wawili. Alikaa siku sita. Alikwenda sokoni mwenyewe, akabishana bei na wauza samaki, akarudi na changu mkubwa akampikia mkwewe. Alicheka kwa sauti mpaka wapangaji wenzangu wakaniuliza kama kweli huyu ndiye yule mama wa mwaka jana.

Awamu ya pili akaanza nyumba. Tofali zilikuwa za udongo mbichi, maana za kuchoma zingemla pesa yote. Kuta zikasimama mpaka kwenye linta, juu ya milango. Ili fundi apate miti ya jukwaa, mama aliivunja nyumba ya zamani, akahamia na wajukuu kwenye banda la jiko. Hakufanya ujinga. Awamu ya tatu ilikuwa na tarehe, bati alishazichagua dukani, na mvua za vuli zilikuwa bado. Kila alipopiga simu alinisimulia ile nyumba kama msichana anayesimulia mchumba.

Mume wangu alianguka Jumanne, akifunga nondo za dirisha kwenye jengo la ghorofa Sinza. Nyonga ilivunjika vibaya. Bima hatukuwa nayo. Daktari alinieleza kwa upole, akanichorea hata kwenye karatasi: mfupa utaunganishwa kwa vyuma, na vyuma itabidi tuvinunue. Nikauza cherehani yangu nzuri. Nikawaomba ndugu zake, nikaomba msikitini. Haikufika nusu.

Nikampigia mama. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Kabla sijayasema akaanza yeye.

"Bati nimechagua za kijani. Fundi anasema kijani haipauki upesi."

Nikamwambia mkwewe ameanguka, amelazwa, hali yake si nzuri. Akashtuka, akalia, akasema atamsomea dua. Nikangoja aseme na jambo jingine. "Mungu atamponya, mwanangu," akasema, na salio likaisha, simu ikakatika.

Mpaka leo sijui kama angekataa. Nadhani angenipa. Lakini sikupiga tena. Nilisimama pale kwenye korido ya hospitali nikamkasirikia mama yangu, kwamba yeye anachagua rangi ya bati na mie nina mume anayeuma shuka kwa maumivu. Hasira ile ndiyo iliyonipeleka dukani kwa wakala.

Nilisema laini yangu imepotea, nikataja namba ya mama. Nikatoa kitambulisho, nikaweka kidole, mashine ikakubali mara moja. Dakika chache tu. Kule kijijini simu ya mama ikapoteza mtandao, na namba yake ikaamka mkononi mwangu. Siku ya pili ujumbe wa pesa za awamu ya tatu ukaingia. Nilizitoa zote.

Walimpasua Jumatatu. Jumatano alikunywa uji, akaniuliza pesa nimezipata wapi.

"Mama ametoa."

Akafumba macho. Alikuwa mtu wa kuona aibu, hakupenda kula cha mkwewe. "Mwambie nikipona nitakwenda kuezeka mwenyewe," akasema. "Asimlipe fundi."

Ijumaa saa tano asubuhi alilalamika kifua, akaniomba nifungue dirisha. Lilikuwa wazi. Daktari alisema damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Tulimzika alasiri ileile.

Mama alifika siku ya pili ya msiba. Nilikuwa nimeshaanza eda, nimekaa chumbani, na kila mwanamke aliyeingia kunipa pole niliinua uso nikitazama kama ni yeye. Alipoingia nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, akakaa pembeni yangu. Baada ya khitma, watu walipokwisha kutawanyika, alianza kukunja nguo za marehemu, shati moja baada ya jingine.

"Zilitosha?" akaniuliza.

"Nini, mama?"

"Zile."

Nikamsogezea shati lililofuata.

"Mwenyekiti wa kijiji aliwapigia watu wa shirika," akasema, bado akikunja. "Wakamwambia zimeingia, na zimetolewa Temeke. Sasa mie Temeke namjua nani mwingine?"

"Zilitosha vyuma," nikasema.

"Haya."

"Nilitaka kukwambia, mama. Nilipiga simu..."

"Uliniona mie nisingetoa?"

Kulikuwa na majibu mawili na yote mabaya. Alilikunja shati la mwisho, akalilaza juu ya mengine, akalinyoosha kola.

"Nimewaambia nilikutuma mie," akasema. "Wasije wakakukamata ukiwa na msiba."

Nikampa ile laini. Akaifunga kwenye pindo la khanga bila kuitazama. Asubuhi yake akaniomba nauli.

Vuli ilianza nikiwa ndani ya eda. Siku ya kwanza mvua ilipopiga bati za nyumba tuliyopanga niliziba masikio, shangazi wa mume wangu akadhani namlilia marehemu. Baada ya wiki mpwa wangu mkubwa akapiga kwa simu ya jirani.

"Mamdogo, ukuta wa mlangoni umelala."

"Bibi yuko wapi?"

"Anauangalia."

Wiki iliyofuata ukalala wa nyuma. Tofali mbichi bila paa ni udongo tu, unarudi ulikotoka. Banda la jiko nalo lilijaa maji, wakachukua vitu vyao wakahamia kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Wakapewa chumba kimoja. Mama aliyekuwa na kwake miaka arobaini sasa anawapikia watu wa nyumba ile, na akimaliza kuosha vyombo anasubiri aambiwe kesho watakula nini.

Eda ilipokwisha nilikwenda. Sikukaribia palipokuwa na nyumba. Nilipaona kwa mbali, kama matuta ya viazi. Mpwa wangu ndiye aliyenisimulia kwamba watu wa shirika walipita kuuliza fedha zimebadilisha nini katika maisha ya kila kaya. Mama aliwaonyesha magodoro. Akawaonyesha sare. Wakauliza habari ya nyumba aliyowaambia atajenga, akasema, "Mvua, wanangu." Wakaandika.

Walipokuja, wenzake wote wa upande ule wa kijiji walikuwa wameezeka. Ukisimama barabarani unaziona bati zao zinawaka juani. Nadhani ndiyo maana mama hapiti barabarani. Anazunguka kwa nyuma, kwenye mikorosho.

Nimeanza kununua bati, moja moja, nikipata kazi ya kushona sare za shule. Ziko kumi na moja chini ya kitanda ninacholala na wanangu. Nilimwambia mama kwa simu, nikidhani atafurahi, au angalau atanitukana.

"Utaziezeka wapi?" akauliza.

Nikasema tutaanza upya, kuta nazo nitasaidia. Akasema yeye hana nguvu tena ya kufyatua tofali, na vitu vingine mtu huanza mara moja tu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema chumvi imekwisha.

Siku hizi nikimpigia anaitikia shikamoo yangu, anauliza hali za watoto, kisha anampa mjukuu simu. Alinitetea mbele ya shirika, mbele ya mwenyekiti, mbele ya baba mkubwa aliyetaka niitwe kwenye kikao cha ukoo. Hajawahi kuniambia amenisamehe. Nami sijamuuliza, kwa sababu naogopa atanijibu amenisamehe, kwa sauti ileile anayoitikia "marahaba."