Kurasa Nne za Binti wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa na msimamo mmoja wa kazi: mteja hainuki kitini mpaka apendeze. Ndio uliomponza.

Binti yake alikuwa darasa la tano na hajui kusoma. Mjinga si mjinga. Taarifa ya redio akiisikia mara moja anakurudishia neno kwa neno. Lakini mpe kitabu uone, herufi zinamchezea, jasho linamtoka, wenzake wanaangua kicheko. Mwalimu wake wa darasa alisema huo si uvivu, kuna watoto huzaliwa na ugumu huo, akaisumbua ofisi mpaka akapatikana mtaalamu wa kumpima. Mtaalamu akithibitisha, mtoto atasomewa maswali kwenye mtihani wa mwisho. Asipothibitisha, basi tena, maana mtaalamu huyo huja mara moja tu.

"Atapimwa kwa kitabu hikihiki cha darasani," mwalimu alimwambia kinyozi. "Kurasa nne za mwanzo."

Mwenye akili zake angekiacha kitabu hapo hapo. Kinyozi alikibeba mpaka saluni. Wiki mbili nzima, mashine ikinguruma kwenye vichwa vya watu, alimsomea binti mstari kwa mstari, naye akaurudia pale benchini, mpaka wateja nao wakazijua zile kurasa. Akamfundisha hata pa kupitisha kidole, hata pa kufunua. Amtoe mwanawe mbele ya mgeni hivi hivi, achekwe? Thubutu!

Siku ikafika. Upimaji ulifanyiwa stoo ya shule, katikati ya madawati mabovu. Mtaalamu alikuwa mama mwenye haraka zake, faili mapajani, watoto kumi na mmoja wakimsubiri nje. Binti akaanza, akatiririka. Kinyozi, nyuma yake, akavimba kichwa. Kufika ukurasa wa pili, karatasi mbili zikafunuka pamoja, zimegandana. Mtoto hakujua. Kidole kikatembea chini ya picha ya ng'ombe, mdomo ukaendelea na habari za sokoni.

Hapo ndipo kinyozi alipozinduka. Akaona alichomfanyia mwanawe. Akamkodolea macho mtaalamu, akiomba ainue uso japo mara moja. Mtaalamu alikuwa anajaza tarehe.

"Anasoma vizuri sana. Hana tatizo."

"Mama, hajasoma huyu. Amekariri. Mimi ndiye niliyemkaririsha. Mpe ukurasa mwingine, wowote ule!"

"Baba, mtoto wa kukariri kurasa nne atakosaje kusoma? Mvivu tu huyo, mmemdekeza." Akagonga muhuri. "Aingie mwingine!"

Kinyozi alimchukia yule mama, na alikuwa na haki. Lakini alijichukia mwenyewe zaidi.

Njiani binti alimshika mkono, akirukaruka. Tangu aanze shule hakuwahi kusifiwa.

"Baba, sikukosea hata neno moja, eti?"

"Hata moja, mwanangu."